Dalali wa nyumba Dar: kuposti Instagram na TikTok kunalipa, au ni kumaliza bando?

Dalali_Segerea

Wakuu, habari za kazi.

Naomba msaada wa hesabu, kutiana moyo tuache pembeni. Nafanya udalali wa nyumba za kupanga Segerea, Tabata, Kinyerezi na Kimara, kuanzia chumba masta cha 120,000 kwa mwezi hadi nyumba nzima ya 700,000. Kiwanja ni mara chache. Kamisheni ni ile ya kawaida, kodi ya mwezi mmoja, na mara nyingi inagawanywa nusu kwa nusu na dalali wa mtaa aliyeishika nyumba.

Mitandao inakula kama saa 14 kwa wiki: kupiga picha, kuhariri, kuposti Instagram, TikTok na magrupu ya Facebook, kisha kujibu "bei?" na "iko wapi?" mpaka usiku. Dili zinazotoka huko ni mbili kwa mwezi. Nyingine zote zinatoka kwa wateja wa zamani, walinzi na mama ntilie wa mtaani.

Niendelee, nipunguze, au niache kabisa? Na kama ni kuendelea, kipi kifanyike na kipi kitupwe?

---

bi_hesabu

Tuanze na namba zako mwenyewe. Saa 14 kwa wiki ni kama saa 60 kwa mwezi. Dili mbili, tukisema wastani wa kodi ni 300,000 na mgao wako ni nusu, ni 300,000 kwa mwezi. Gawa kwa 60, unapata 5,000 kwa saa. Hapo hujatoa bando, wala bodaboda ya kwenda kuonyesha, wala wale waliokuahidi saa nne wakazima simu.

Sasa usikimbilie kuacha, maana hiyo 5,000 ni wastani wa vitu viwili visivyofanana. Chumba masta cha 120,000 kinakupa mgao wa 60,000, na chumba cha bei hiyo Tabata hakihitaji Instagram. Ukiwapigia watu watano waliokwisha kukuuliza, kinaondoka kabla hujamaliza kuhariri video. Nyumba ya 700,000 ndiyo kinyume chake. Mtu wa kuilipa miezi sita, yaani 4,200,000 mkononi, si wengi mtaani kwako. Anaishi kwingine, anafanya kazi Posta au Mikocheni, na anachagua akiwa kwenye foleni na simu yake. Huyo humpati kwa mlinzi.

Kwa hiyo weka mstari. Kwa soko lako ningeuweka kwenye 300,000. Chini ya hapo nyumba iende WhatsApp status tu, picha tatu na bei, dakika tano umemaliza. Juu ya hapo ipigiwe video.

Halafu kwa wiki nne andika daftarini, kwa kila nyumba, namba nne: wangapi wameuliza, wangapi wameendelea baada ya kupewa taarifa zote, wangapi wamekuja kuona, nani amelipa. Laiki usiziandike kabisa. Namba zinapokatika ndipo penye ugonjwa. Wakiuliza wengi na kuja wachache, tangazo limeficha kitu, na mara nyingi ni bei au umbali. Wakija wengi na kulipa hakuna, video imeipamba nyumba kuliko ilivyo, au mwenye nyumba yuko juu ya soko. Wasipouliza kabisa, ama tangazo halijawafikia watu wa eneo lile ama sekunde za mwanzo hazina kitu cha kumzuia mtu asipite.

Ili ujue mtu katoka wapi, kila nyumba ipe namba na kila mtandao herufi zake: K12-TT kwa TikTok, K12-IG kwa Instagram, K12-FB kwa Facebook. Mwambie mtazamaji, kwa sauti na kwa maandishi, "tuma K12-TT WhatsApp". Akituma tu unajua nyumba ipi na mtandao upi, na swali la "ile nyumba ya jana" limekwisha.

---

KodiMieziSita

Mimi nitakuwa mkorofi kidogo. Mleta mada anatafuta wateja wakati wateja Dar wamejaa. Kinachokosekana ni nyumba nzuri kwa bei ya haki, iliyo mkononi mwako peke yako. Kama nyumba moja iko kwa madalali saba, video yako kali inamtangazia kazi dalali wa sita.

Kabla ya kupiga video, pata karatasi moja kutoka kwa mwenye nyumba. Si lazima iwe ya kisheria ndefu. Iwe na jina lake na lako, mahali nyumba ilipo, kodi anayoitaka, miezi anayotaka kulipwa, kamisheni na nani anailipa, ruhusa ya kupiga picha na kuitangaza mitandaoni, na muda wa siku 30 ambao hatampa dalali mwingine. Sahihi mbili, tarehe, nakala moja kila mmoja. Akigoma siku 30, omba 14. Akigoma hata hizo, nyumba hiyo iende status tu, usiipotezee jioni nzima.

Na acha cha juu. Nyumba ya 400,000 inapotangazwa na mmoja kwa 400,000, mwingine 430,000, mwingine 450,000, zote kwa picha zilezile, mteja anaziona zote ndani ya dakika kumi. Zamani cha juu kilifichika kwa sababu mteja alikuwa na dalali mmoja. Siku hizi kinaonekana hadharani, na anayeonekana tapeli ni wewe uliyeongeza.

---

FunguoMkononi

Mkuu Kodi ameongea la wenye nyumba, mimi niende kwenye tangazo lenyewe, maana saa nyingi za mleta mada zinapotelea pale.

"Bei inboksi" ndiyo mwizi namba moja wa muda. Kila "bei?" ikikuchukua dakika mbili kujibu, watu 40 ni saa moja na dakika 20, na zaidi ya nusu yao wangejitoa wenyewe wangeiona bei. Wapo wanaosema ukificha bei watu wanauliza zaidi na posti inapanda. Ni kweli maoni yanaongezeka. Ila wanaoongezeka ni wale ambao hawawezi kuilipa.

Maelezo yaandikwe hivi, badilisha namba tu:

*INAPANGISHWA, Kimara Temboni. Mita 600 kutoka Morogoro Road, bodaboda 1,000. Vyumba 2, kimoja masta, sebule, jiko lenye makabati, choo cha pamoja ndani. Kwenye fensi zipo nyumba 2 tu. Luku yako mwenyewe. Maji ya DAWASA na tenki la lita 2,000. Gari moja linaingia. Kodi 350,000 kwa miezi 6 = 2,100,000. Kamisheni ya dalali 350,000. Jumla ya kuhamia 2,450,000. Ipo wazi tarehe 1. Tuma K12-TT.*

Mstari wa "jumla ya kuhamia" madalali wengi hawauandiki, na ndio unaochuja kuliko yote. Mtu huwa anasoma 350,000 na kusahau kwamba siku ya kuhamia anatoa milioni mbili na nusu. Akiisahau wewe ndiye utakayempeleka kuona nyumba, arudi akajipange, na hatarudi.

Umbali usiuandike kwa "dakika 5". Dakika tano za nani, za bodaboda au za miguu? Andika mita au kilomita, na nauli ya bodaboda.

Video: simu wima, futa lenzi kwa kitambaa, piga kati ya saa tatu na saa tano asubuhi au kuanzia saa tisa alasiri. Saa sita jua la Dar linaingia dirishani kama tochi na chumba chote kinageuka kivuli. Fungua mapazia, washa taa zote, zima feni ili sauti isikwaruze. Sekunde tatu za mwanzo weka kitu bora cha nyumba ile huku ukitaja mtaa na kodi. Kisha anzia nje: barabara kutoka lami kuelekea kwenye nyumba, ikatwe iwe sekunde sita hadi nane. Kwa Kimara, Goba, Madale na kote kwenye milima, watu wanaogopa barabara ya masika kuliko wanavyoogopa kodi. Kama gari dogo halipandi mwezi wa nne, sema. Baadaye sebule, jiko, vyumba, choo. Malizia na mita ya Luku, bomba likiwa limefunguliwa maji yanatoka, tenki, na sehemu ya gari. Zote sekunde 45 hadi 60.

Usitumie lenzi ya upana ya 0.5. Chumba cha futi 10 kwa 10 kinaonekana ukumbi, mteja anakuja na vipimo vya kitanda chake cha sita kwa sita na kabati la milango minne, anasimama mlangoni, anageuka. Umelipa nauli ya kumwonyesha ukuta. Beba futi ya chuma, pima, andika "futi 12 kwa 11".

TikTok na Instagram watu siku hizi wanatafuta kwa maneno, kwa hiyo maneno "nyumba ya kupanga Kimara" yawe kwenye maandishi ya juu ya video na kwenye maelezo. Alama za reli (hashtag) 20 hazisaidii kitu. Kwenye magrupu ya Facebook usimwage tangazo lilelile magrupu 20 ndani ya dakika tano, akaunti itazuiwa kwa kushukiwa kuwa ya taka. Matatu au manne ya eneo husika kwa siku yanatosha.

Nyumba ikishachukuliwa, rudi uandike IMECHUKULIWA kwenye posti. Usiifute, kwa sababu mwenye nyumba mwingine akipita anaona unafunga kazi.

---

Dalali_Segerea

Asanteni sana, hii ya jumla ya kuhamia inaingia leo leo.

Mawili yananisumbua. Nikitaja mtaa na mita, madalali wenzangu wanaitambua nyumba na mteja anaweza kunizunguka akaenda mwenyewe. Nikificha, nyie mnasema nachuja vibaya. La pili, nikibusti posti, yaani nikilipia isambazwe, laiki zinamiminika, ujumbe wa WhatsApp hauji. Shida ni nini?

---

FunguoMkononi

La kuzungukwa: taja mtaa na umbali, usionyeshe geti, rangi ya fensi, namba ya nyumba wala duka la jirani lenye bango. Vile vipande vya barabara anzia lami, katisha mita 50 kabla ya nyumba. Kwenye picha alama yako isikae pembeni maana inakatwa. Iweke katikati ya sakafu au ukuta, hafifu, pamoja na namba ya K12. Kwenye video ongea kwa sauti yako, taja jina la ukurasa wako katikati ya maelezo, si mwisho. Anayeiba video yenye sauti ya mtu mwingine anajichongea.

Bado wapo watakaokuzunguka. Dawa yake ni ile karatasi ya Kodi, si picha.

---

Tangazo_la_Jioni

Kuhusu kubusti. Kile kitufe cha kubusti kikiachwa kwenye mpangilio wake wa kawaida, mara nyingi kinatafuta watu wenye tabia ya kulaiki na kutoa maoni. Mfumo unakupa ulichoomba. Ukitaka ujumbe, ingia Meneja wa Matangazo wa Meta, wenye Facebook na Instagram, kupitia kivinjari, chagua lengo la mazungumzo, na mahali pa kupokelea chagua WhatsApp. Tangazo linakuwa na kitufe kinachofungua chati yako moja kwa moja, na unaweka ujumbe ulioandikwa tayari wenye K12-FB ndani yake.

Eneo: kosa la kawaida ni kuweka pini pale nyumba ilipo. Anayehamia Kimara si lazima awe Kimara. Weka pini anakoshinda mchana au anakopanga sasa: Ubungo, Mwenge, Sinza, Kariakoo, nusu kipenyo cha kilomita chache kila pini. Ukiacha "Tanzania" nzima, hela inakwenda Mwanza na Mbeya kwa watu wanaofurahia video za nyumba nzuri, na ndizo laiki zako hizo.

Bajeti ya majaribio ni 10,000 kwa siku kwa siku tano kwa nyumba moja, si 50,000 kwa siku moja. Usiliguseguse tangazo siku mbili za kwanza, kila ukibadilisha kitu mfumo unaanza kujifunza upya. Baada ya siku ya tatu gawa hela iliyotumika kwa mazungumzo yaliyoanza, halafu kwa walioona nyumba. Namba ya pili ndiyo ya kuamulia. Kwa mfano mazungumzo 25 kwa 50,000 ni 2,000 kila moja, inapendeza. Wakija kuona wawili, kila mmoja amekugharimu 25,000, na kwa mgao wa 60,000 hiyo ni biashara ya hasara. Kwa mgao wa 350,000 inabebeka. Tunarudi kwenye mstari wa bi_hesabu.

Kama huwezi kujibu usiku, chagua bajeti ya jumla ya kampeni badala ya ya kila siku, ndipo unaruhusiwa kupanga saa. Weka saa mbili asubuhi hadi saa tatu usiku. Ujumbe uliojibiwa kesho yake asubuhi umeshajibiwa na mwingine.

Kwenye gharama kumbuka VAT ya 18%. Tangu Julai 2022 sheria inawataka watoa huduma za kidijitali walio nje ya nchi kuikusanya, kwa hiyo bajeti ya 50,000 ihesabu kama 59,000. Na ukitumia iPhone usilipie ndani ya aplikesheni, pita kwenye kivinjari, maana kwenye malipo ya ndani ya aplikesheni Apple nao wanaweka makato yao.

---

MamaLuku

Kaka zangu mmesahau WhatsApp yenyewe, na dili zinafungiwa huko, si TikTok.

Tumia WhatsApp Business ya kawaida. Zile zisizo rasmi, za GB na jamaa zake, zinafungiwa namba, na namba ya dalali ikifungiwa ni sawa na duka kuungua. Majibu ya haraka unaandika mara moja unayaita kwa mkwaju, kwa mfano /k12 inatoa maelezo yote ya nyumba, /maswali inatoa haya matatu: *unahamia tarehe ngapi, jumla ya kuhamia uliyonayo ni kiasi gani, mpo wangapi na mna gari?* Asiyejibu matatu hayo hapangiwi siku ya kuona. Ukali huo una faida, maana anayetafuta kweli anajibu ndani ya dakika chache.

Weka lebo nne tu: Ameuliza, Anakuja kuona, Anasubiri mshahara, Amelipa. Ile ya "Anasubiri mshahara" ndiyo hazina. Wafungulie mazungumzo tena kati ya tarehe 23 na 28.

Orodha ya matangazo (broadcast) inabeba watu 256 na inamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Status hivyo hivyo, lazima mwe mmehifadhiana. Kwa hiyo kila anayeuliza mhifadhi kwa "Tabata 2vyumba 300 Sept", na mwombe akuhifadhi nawe ili azione nyumba mpya. Mtu mmoja aliyekuhifadhi ana thamani kuliko wafuasi mia wa Instagram.

Kuonyesha kuwe siku mbili kwa wiki, Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi, nyumba za mtaa mmoja zikifuatana. Asubuhi yake wathibitishe. Asiyethibitisha saa mbili kabla, nafasi yake imekwenda.

---

Mzee_wa_Bikoni

Mleta mada kasema kiwanja ni mara chache. Hapo nitamshauri aongeze, kwa sababu mitandao inalipa zaidi kwenye kuuza kuliko kupangisha. Kiwanja cha mita za mraba 600 kwa 15,000 kwa mita ni 9,000,000, na kamisheni ya 5% ni 450,000. Anayekinunua anaweza kuwa Songea au Muscat, mlinzi wa mtaa hamjui. Lakini kazi yake ni nzito, na video ya kiwanja ikiwa nyasi na upepo tu haiuzi.

Onyesha bikoni (alama za mipaka) zote nne, tembea kutoka moja hadi nyingine bila kukata video. Taja ukubwa, bei kwa mita, matumizi yaliyopangwa kwenye ramani ya mipango miji kama ni makazi au biashara, nguzo ya umeme iko mita ngapi, maji yako wapi. Sema waziwazi hadhi yake: kina hati, kimepimwa bila hati, au ni mauziano ya serikali ya mtaa tu. Hizo tatu zina bei tofauti na hatari tofauti, na dalali anayeandika "kina document zote" anamficha mtu kitu. Usiweke picha ya hati mtandaoni. Jina la mmiliki na namba za kiwanja vikitoka, matapeli wanatengeneza nakala na kukiuza mara ya pili.

Mnunuzi wa nje ya nchi: video ya moja kwa moja akiwa anaona, si iliyorekodiwa. Kisha upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ufanywe na wakili aliyemchagua yeye, si wako. Hela iende akaunti ya benki ya muuzaji yenye jina lilelile la kwenye hati. Muulize uraia siku ya kwanza. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 asiye raia hamiliki ardhi kama raia, na wengi waliochukua pasipoti za huko huwa hawajui kwamba hilo linawagusa. Mpeleke kwa wakili kabla hajatuma hata senti.

Na ukilipia tangazo la Meta lionekane Marekani au Kanada, utatakiwa kulitangaza kuwa la nyumba na makazi. Hapo huruhusiwi kuchagua umri wala jinsia, na kwa Marekani eneo halishuki chini ya maili 15 kuzunguka pini. Usipolitangaza hivyo linakataliwa, likirudiwarudiwa akaunti inafungwa. Bora video ya kawaida kwenye magrupu ya Watanzania wa huko kuliko tangazo la kulipia.

---

Sahihi_Mbili

Mambo matatu ya kisheria, kwa kifupi.

Bei za dola ziondoeni. Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025, zilizoanza Machi mwaka huo, zinakataza kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Apartimenti ya Masaki nayo iandikwe kwa shilingi. Posti za zamani zenye dola zihaririwe, maana bado zinasomeka kama matangazo.

Nyumba ikiwa bado na mpangaji, ruhusa ya mwenye nyumba haitoshi kurekodi vitu vya mpangaji. Picha za ukutani, sare za watoto, namba ya gari ni taarifa za mtu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwombe, au subiri ahame. Orodha za namba za wateja pia msiuziane.

Tatu, ada ya kuonyesha. Msiipokee kwa simu kabla mteja hajafika. Matapeli wanaishi kwa hiyo: picha za kuiba, bei ya chini, "tuma 20,000 ya usumbufu", kimya. Kama unatoza 10,000, ipokee mkiwa mmesimama getini, na kila tangazo liandike hivyo.

---

ploti_kwa_ploti

Huku Nairobi tofauti ni kwamba sheria ya maajenti wa nyumba, Sura ya 533, inataka ajenti awe amesajiliwa na bodi. Wateja wa diaspora siku hizi wanauliza namba ya usajili kabla ya kuuliza bei. Ukisajiliwa, iweke kwa wasifu. Mengine yote hapa juu ni yale yale, hata "bei inboksi" tuko nayo. Viewing ya kulipia kabla ya kufika imechomea watu wengi.

---

Dalali_Segerea

Nimeelewa. Napanga hivi: chini ya 300,000 status tu, juu ya hapo video mbili kwa wiki zikiwa na karatasi ya mwenye nyumba. Nimejaribu kuweka ile linki ya WhatsApp yenye K12 chini ya video ya TikTok, haibonyezeki. Ya kwenye wasifu inafunguka lakini inasema namba haipo.

---

bi_hesabu

Chini ya video, TikTok na Instagram hazifungui linki, inabaki maandishi. Facebook inafungua. Kwa hiyo kwenye hizo mbili linki ikae kwenye wasifu, na chini ya video yabaki maneno "tuma K12-TT" tu. Kama TikTok bado haijakupa nafasi ya linki kwenye wasifu, jaribu kubadili akaunti iwe ya biashara.

Namba haipo kwa sababu umeandika 07 au umeweka alama ya kujumlisha. Inatakiwa ianze 255, sifuri iondoke, bila nafasi: wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari%20K12-TT. Hiyo %20 ndiyo nafasi kati ya maneno. Ijaribu kwa simu ya mtu mwingine, si yako.

Na saa zako zianze kuandikwa leo. Video moja, kupiga na kuhariri, ikizidi saa moja na nusu unapamba. Mbili kwa wiki ni saa tatu, kujibu nusu saa asubuhi na nusu saa jioni kwa siku sita ni saa sita. Jumla tisa. Dili zikibaki mbilimbili lakini za juu ya 300,000, lete namba baada ya wiki nne tuzipige upya.